Mbwa niliyemuokota wiki ya tatu sasa hajabweka hata mara moja, ni bubu au ananichora?

#1 Nyanya Chungu
Habari za jioni wakuu. Niende moja kwa moja. Jirani na kwetu hapa Kivule kulikuwa na saiti, ghorofa moja, mlinzi wao alikuwa na mbwa wa kike, rangi ya karanga zilizoungua kidogo, miguu ya mbele myeupe. Wakamaliza kupaua, mlinzi akalipwa chake akaenda kwao, mbwa akamwacha pale pale. Akawa analala juu ya lundo la mchanga. Mchanga nao ukaisha, akawa analala pale ulipokuwa mchanga. Hicho ndicho kilichonimaliza mimi.

Kumchukua kwenyewe sikumkamata, nilimtupia utumbo siku nne mfululizo, kila siku nasogeza hatua chache kuelekea getini, siku ya tano kaingia mwenyewe. Watoto wakamwita Karanga. Anakula, tena vizuri, ugali wa dona na dagaa na mapupu, ila mpaka mgeuke, ukimwangalia anaacha. Banda alilojengewa na baba watoto hataki hata kulinusa, analala chini ya simtanki. Hayo yote nimeyakubali.

Shida ni kwamba HABWEKI. Leo siku ya 21. Kaja msoma mita, wamepita waokota chupa, paka kakatiza mbele ya pua yake, juzi usiku mwizi wa kuku kwa jirani, mbwa wa mtaa mzima wamepasua koo yeye kakaa anasikiliza kama taarifa ya habari. Baba watoto anasema tumeongeza mdomo wa kulisha. Mama mkwe yupo kwetu, katoka Muheza, ana maelezo yake ambayo sitayaandika hapa. Shingoni ana alama ya mviringo, manyoya hayaoti, kama aliwahi kufungwa waya. Je mbwa anaweza kuwa bubu?

#2 Kibatari
Nimeweka kigoda. Picha tafadhali.

#3 Mzee wa Mbweni
Mbwa wa saiti anafundishwa kunyamaza. Mlinzi mwenyewe usiku analala, atataka mbwa amwamshe wa nini?

#4 Fundi Msumeno
Mzee #3 umekaribia ila hujafika. Mimi niko kwenye saiti mwaka wa 14 huu. Hakuna mlinzi anayefundisha mbwa, wanampiga tu. Akibweka saa nane usiku anatupiwa kipande cha tofali, baada ya mwezi keshajua. Halafu kuna walinzi wa aina nyingine, wenye dili zao, saruji mifuko miwili mitatu inatoka usiku na nondo zinapungua, huyo hataki kabisa mbwa wa kelele. Dada Nyanya Chungu inawezekana umerithi shahidi wa kesi.

#5 Kibatari
Hahaha shahidi kakataa kutoa maelezo mpaka wakili wake aje

#6 Wa Ruiru
Salamu kutoka upande huu wa Kenya. Mimi wangu nilimtoa KSPCA, kile kituo cha kuokoa wanyama kule Karen, Nairobi, unaenda unawaangalia, unaulizwa maswali mengi kuliko benki, halafu unapewa akiwa ashachanjwa na ashafungwa uzazi. Nilidhani nikifika nyumbani atanirukia ashukuru kama kwa sinema. Wapi! Aliingia chini ya gari akakaa huko siku mbili. Kubweka alibweka karibu mwezi wa tatu, na si kwa mwizi, alibwekea mkokoteni wa mitungi ya maji, sisi wote tukatoka nje tukidhani ni mbwa wa jirani.

Watu wa kuokoa mbwa wana msemo wa tatu tatu tatu. Siku tatu za woga, wiki tatu za kuanza kujua ratiba ya nyumba, miezi mitatu ndio ajione kwake. Kwa hiyo wewe uko ya pili, tulia.

#7 Mjuvi wa Kitaa
Mnazunguka bure. Habweki, ana rangi ya karanga, miguu myeupe. Huyo ni BASENJI. Hao ndio mbwa wasiobweka duniani, wazungu wananunua kwa pesa ndefu. Mbwa wetu wote wa kienyeji asili yao ni basenji, ila tunawadharau. Dada usimtoe huyo, mtafute mnunuzi.

#8 Dokta Kwato
Nilikuwa nasoma kimya kimya ila #7 umenitoa mafichoni. Basenji ni mbwa wa misitu ya Kongo, hata jina lenyewe limetoka Kilingala, ndugu wa hili neno letu mshenzi, yaani mbwa wa watu wa porini. Walipelekwa Uingereza miaka ya 1930 ndio wakawa wa maonyesho. Ana mkia umejikunja kama kitumbua juu ya mgongo, masikio yamesimama, kipaji kina makunyanzi kama mzee anayesoma bili ya umeme. Na si kwamba hana sauti, koromeo lake limekaa tofauti, anatoa kama mtu anayeimba amebanwa koo. Tena jike lake linapata joto mara moja tu kwa mwaka. Kusema kila mbwa wa kienyeji ni basenji ni sawa na kusema kila mwenye kofia ni shehe.

Nyanya Chungu, sasa jambo la maana kuliko kubweka. Umetaja utumbo, ugali, banda, simtanki. Chanjo hujataja. Kichaa cha mbwa kina sura mbili, ile ya kung'ata kila kitu ambayo wote mnaijua, na ile ya kimya, mbwa anapooza taya, mate yanamtoka, sauti inabadilika au inapotea. Sisemi anacho. Mwenye hiyo ya kimya hafikishi wiki tatu anakula mapupu, anakufa ndani ya siku chache tangu dalili zianze. Ila virusi vinaweza kukaa mwilini wiki hadi miezi kabla ya dalili, kwa hiyo uzima wa siku 21 si cheti. Mwite afisa mifugo wa kata.

#9 Nyanya Chungu
Dokta umenikausha mate. Kweli hajachanjwa, nilikuwa nasubiri atulie kwanza ashikike. Mtoto wangu wa mwisho anamlisha kwa mkono. Kesho asubuhi natafuta mtu.

#10 Bwana Mchicha
Dada kuwa makini sana. Shangazi yangu aling'atwa akachomwa sindano 21 kuzunguka kitovu, alilia mtaa mzima. Na kabla ya hospitali walimpaka pilipili na kitunguu swaumu kwenye kidonda kuua sumu.

#11 Dokta Kwato
#10 hizo za tumboni ni za zamani, zilikuwa 14 mpaka 21, na ni kwa sababu yake watu wengi mpaka leo wanaogopa hospitali. Siku hizi anachomwa begani, sindano nne au tano kwa tarehe zake, na kidonda kikiwa kibaya kuna dawa nyingine inaingizwa pale pale kwenye jeraha. Pilipili hapana. Ni maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa saa, si kwa kukisia, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa aliyeng'ata asiuawe, afungiwe aangaliwe siku 10, akimaliza mzima basi wakati anang'ata hakuwa na virusi mateni. Dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna daktari wa kumrudisha.

#12 Bwana Mchicha
Nimekuelewa dokta. Shangazi yupo hai lakini.

#13 Dokta Kwato
Alipona kwa zile 21, si kwa kitunguu.

#14 Bi Mkubwa wa Shangani
Sisi huku Unguja mwenzenu nyumba yenye mbwa hata chai hunywi. Nauliza tu kwa wema, akilamba sufuria mnafanyaje? Mara saba na moja ya mchanga, au mnasuuza kwa sabuni ya unga mnaendelea?

#15 Mwana Kitabu
Bi Mkubwa upo sawa kwa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo yetu pwani nzima, mate yake najisi nzito, chombo kinaoshwa mara saba moja kwa udongo. Wamaliki wao wanasema mbwa mwenyewe tahiri. Na kufuga kwa mifugo, kwa kuwinda, kwa shamba, hadithi zimeruhusu, kinachopunguziwa thawabu ni wa pambo tu. Na usisahau Suratul Kahf, aya ya 18, mbwa wa wale vijana waliolala pangoni kanyoosha miguu yake kizingitini. Huyo naye hakusimuliwa kuwa alibweka.

#16 Bi Mkubwa wa Shangani
Huyo wa pangoni alikuwa na kazi ya kulinda. Huyu wa Kivule mwenyewe kasema hana kazi.

#17 Kibatari
Bi Mkubwa kamaliza mchezo. Ila mimi nataka maelezo ya mama mkwe, hayo ndiyo yaliyonileta.

#18 Nyanya Chungu
Haya basi. Mama anasema mbwa asiyebweka hayuko peke yake, ana mtu naye, na huyo mtu ndiye anayemwambia anyamaze. Eti nimwangalie jioni jua likizama. Na kweli jioni anakaa kaangalia kona ya ukuta kwenye ule mwarobaini, dakika 20, masikio mbele, mkia umetulia. Mama akimwona hivyo anaingia ndani anafunga mlango. Hata chakula cha mbwa haruhusu nikipikie jiko lake.

#19 Fundi Msumeno
Hapo kwenye mwarobaini kuna panya. Nenda na tochi.

#20 Mdigo Halisi
Mtu wa Tanga naomba nitetee jimbo. Kila kitu kikiwa cha ajabu mnasema ni Tanga ni Muheza. Kwetu mbwa wa kuwindia nguruwe pori hao wanaoharibu mihogo ndio hawabweki ovyo, akibweka mapema nguruwe kaenda. Wanakaa kimya mpaka wamemzingira. Inawezekana huyo mlinzi alikuwa mwindaji kwao huko.

#21 Mjuvi wa Kitaa
Au kachanganya damu na mbwa mwitu, wale hawabweki kama mbwa wa nyumbani.

#22 Dokta Kwato
#21 mwanangu. Mbwa mwitu ni mnyama mwingine kabisa, ana vidole vinne miguu ya mbele, hawazaliani na mbwa wa nyumbani hata uwafungie chumba kimoja na mahari ulipe.

#23 Mzee wa Mbweni
Enzi zetu mbwa mpole alipewa nyigu akameza. Ukimaliza hapo hata wewe mwenye nyumba unaingia kwako kwa barua. Wengine pilipili kichaa kwenye maziwa.

#24 Wa Ruiru
Mzee hiyo ni kuumiza mnyama na huku mtu anaomba ushauri. Ukiwa na koo limevimba nyigu utabweka?

#25 Dokta Kwato
Hafanywi mkali na nyigu, anafanywa mgonjwa. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ipo, kama mlikuwa hamjui.

#26 Mzee wa Mbweni
Sheria ya mbwa ipo, mimi kiinua mgongo changu nafuatilia mwaka wa pili. Haya.

#27 Dada wa Hamburg
Huku Ujerumani mie kumpata mbwa wa kituo ilinichukua wiki kadhaa. Nilimtembeza kwanza mara nne tano wajione tunaelewana, wakaja mpaka nyumbani kukagua, wakaangalia hadi kibarazani, tukasaini mkataba. Ana chipu chini ya ngozi, ana bima, na namlipia kodi kila mwaka manispaa. Wangu alikuwa wa mnyororo, mpaka leo akisikia funguo zinagongana anajikunja. Sikumlazimisha, nilikuwa nakaa chini sakafuni nasoma, nimempa mgongo, hata simwangalii. Siku ya tisa akaja kunusa kisigino. Nyanya Chungu jaribu hiyo ya mgongo, kumkodolea macho mbwa mwoga ni kama kumtisha.

#28 Kibatari
Mbwa analipa kodi?? Kuna watu humu ndani hata namba ya mlipakodi hawana

#29 Nyanya Chungu
Mrejesho. Daktari wa mifugo alikuja jana. Kumshika tu ilikuwa mechi, tulimfunika shuka la zamani akatulia kama kuku. Kachanjwa kichaa, kapewa dawa ya minyoo, kurudia baada ya miezi mitatu, chanjo baada ya mwaka. Kupe ndani ya masikio wamejipanga kama kunde, kachukua damu anahofia homa ya kupe, kasema mbwa mwenye homa hiyo ananyong'onyea hana hamu ya kitu, hata kubweka ni nguvu. Akapapasa ile alama ya shingoni, kasema waya uliingia kwenye ngozi lakini haoni kama uligusa koromeo. Na alipochomwa sindano ALILIA. Kiiiii, sauti safi kabisa. Kwa hiyo bubu siyo.

Baba watoto kasikia kile kilio akasema sasa ni mbaya zaidi, kumbe anaweza na hataki.

#30 Fundi Msumeno
Si nilisema. Tofali.

#31 Mdigo Halisi
Tofali hamna, ni mwindaji. Mbwa aliyepigwa anakimbia mtu, huyu anakaa anasikiliza.

#32 Mama Pacha
Naomba kuongeza la kwangu jamani. Mimi nilimchukua mbwa akiwa mkubwa hivyo hivyo, huku Usa River kuna kituo kinaitwa Mbwa wa Africa, wao walinieleza kitu kimoja, mbwa anabweka kulinda kilicho chake. Kama hajajua hapa ni kwake atalinda nini? Wangu alikaa wiki tano kama mpangaji anayedaiwa kodi, anatembea pembeni pembeni ya ukuta. Siku aliyobweka ni siku niliyomhamishia bakuli lake likae sehemu moja bila kuhamahama. Sisemi ni bakuli. Lakini ilikuwa siku hiyo.

Na mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka kama vijiti inamchoma tumbo. Tulipoteza mmoja hivyo.

#33 Mjuvi wa Kitaa
Bakuli sasa. Bado nasema basenji. Mkia wake ukoje?

#34 Nyanya Chungu
Umejikunja kidogo. Dokta usinipige.

#35 Dokta Kwato
Sipigi. Kipaji?

#36 Nyanya Chungu
Akisikiliza kinapata makunyanzi, akimaliza kinarudi.

#37 Dokta Kwato
Kila mbwa akisikiliza kinapata makunyanzi. Hata mimi nikisoma komenti za Mjuvi.

#38 Nyanya Chungu
Jamani jamani. Leo nimekutana na jirani wa nyuma dukani, mama wa watu wala hatuna mazoea. Ananiambia mama nanihii, yule mbwa wenu mzuri ila Jumapili mkitoka nyote anatusumbua, anabweka mpaka mtoto anaamka. Nikamwambia sio wetu, wetu habweki. Akasema ni huyo huyo mwenye soksi nyeupe, anasimama chini ya tanki anabweka kuelekea getini, mkirudi tu anakata kama redio.

#39 Kibatari
SHAHIDI ANAONGEA

#40 Wa Ruiru
Huyo anawalilia nyinyi. Amewazoea, mkitoka anaona ameachwa tena kama saiti. Sio ulinzi hiyo, ni hofu ya kuachwa. Anzeni kutoka dakika tano mnarudi, dakika kumi mnarudi, bila kuagana naye kwa kelele.

#41 Mama Pacha
Au kinyume chake. Mkiwepo anaona wenyewe mpo, kazi ni yenu, mkitoka anashika zamu.

#42 Fundi Msumeno
Au mkiwepo anakumbuka tofali la mlinzi, kubweka mbele ya binadamu ni kosa, binadamu wakiondoka anajiachia. Mbona mnakwepa kitu kiko wazi.

#43 Bi Mkubwa wa Shangani
Na mama mkwe Jumapili huwa yupo wapi? Yeye si binadamu?

#44 Nyanya Chungu
Bi Mkubwa umeniuliza kitu ambacho sikukifikiria. Mama magoti yanamsumbua, Jumapili anabaki. Nimemuuliza kama amewahi kumsikia akibweka kasema yeye analala, na mbwa hamhusu. Baba watoto kaamua Jumapili hii anaacha simu yake ya zamani juu ya kabati la jikoni, dirisha liko wazi upande wa tanki, inarekodi.

#45 Mzee wa Mbweni
Sasa huu ndio uchunguzi. Nyigu tusingefika huku.

#46 Nyanya Chungu
Tumerudi, tumesikiliza. Saa mbili na dakika kumi na kitu za jogoo wa jirani na bodaboda. Dakika ya arobaini hivi kuna mbwa anabweka mara sita saba, sauti nzito, mimi nasema ni Karanga, baba watoto anasema ni yule jamani shefadi wa nyumba ya kona, tumebishana mpaka chakula kimepoa. Halafu kimya. Halafu mlango wa jikoni unafunguliwa, ndala zinaburuzika, na sauti ya mama, mnyonge kabisa, "Karanga, Karanga mwanangu, njoo ule kabla hawajarudi." Na sufuria inawekwa chini. Ndiyo maana sufuria yangu ndogo ya uji huwa naikuta imelowekwa kwenye mchanga nyuma ya choo.

#47 Bi Mkubwa wa Shangani
Kwenye mchanga? Muulize kaosha mara ngapi. Mwanamke huyo nampenda.

#48 Mwana Kitabu
Saba, naamini saba.

#49 Mdigo Halisi
Jimbo limetetewa. Asanteni.

#50 Fundi Msumeno
Sawa ila ile sauti ya dakika ya arobaini ni ya nani? Weka klipu tusikilize, mimi shefadi namjua akibweka.

#51 Dokta Kwato
Na majibu ya damu yamerudi? Hapo mnacheka mbwa anaweza kuwa na homa.

#52 Nyanya Chungu
Yametoka jioni hii dokta, homa ya kupe anayo, vidonge wiki tatu kuanzia leo. Anameza ndani ya mapupu. Klipu nitaiweka kesho bando likiwepo, mama asijue nimeirusha.

#53 Kibatari
Klipu sawa. Picha je?